Jinsi ya kuomba cheti cha usafi wa meli

Cheti cha usafi wa meli, yaani hati ya kuwa meli imekaguliwa kiafya, zamani kiliitwa cheti cha kuangamiza panya. Tangu Juni 2007, Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zilipoanza kutumika, ukaguzi umepanuka: jikoni, maji ya kunywa, taka, hata maji machafu ya ngama, yaani yanayokusanyika chini kabisa ya meli. Panya hakusahaulika, maana viroboto vyake ndivyo vinavyobeba tauni.

Cheti hudumu miezi 6. Angalia tarehe ya mwisho mapema, kisha utazame ratiba ya safari: ni bandari gani meli itafika ikiwa imeshashusha shehena yote? Omba hapo. Vyumba vya shehena vikiwa vitupu, mkaguzi huona pembe zote. Vikijaa magunia, huenda asiweze kukupa cheti cha msamaha, kile cha meli isiyohitaji kusafishwa, hata kama hamna panya hata mmoja. Makosa mengi huanzia hapa. Hakikisha pia bandari hiyo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya bandari zenye idhini ya kutoa vyeti, kwani si zote zinazo.

Wakala wa meli hupeleka ombi kwa afisa wa afya wa bandari. Andaa cheti cha zamani, ramani ya meli, kumbukumbu za udhibiti wa wadudu na panya, na majibu ya vipimo vya maji. Ada haipaswi kuzidi gharama halisi ya huduma, na viwango vyake hutangazwa angalau siku 10 kabla ya kutozwa, omba uonyeshwe.

Mkaguzi atatafuta mavi ya panya, alama za meno, viota, na michirizi ya mafuta ukutani pale panya wanapopita. Asipokuta kitu, hutoa cheti cha msamaha. Akikuta, meli husafishwa kwanza, ndipo hutolewa cheti cha udhibiti. Tafadhali sisitiza viroboto viuawe kabla ya panya au pamoja nao: panya akifa, kiroboto humwacha na kutafuta damu kwingine, na aliye karibu ni baharia.

Ikiwa bandari ulipo haiwezi kukagua, omba nyongeza ya mwezi 1. Muda huo wote, kila kamba ya kufungia meli iwe na kinga ya panya, na ngazi ipandishwe usiku isipotumika.