Engo ya Kamera: Nani Mkubwa, Nani Mdogo Kwenye Fremu

Kabla hujafungua tripodi, jiulize: kwenye onyesho hili nani mwenye neno la mwisho? Ukishalijua hilo, kamera unaiweka kwa sababu, hubahatishi.

Tuchukue bosi na mfanyakazi aliyeitwa ofisini. Anza na lenzi ikiwa usawa wa macho, ambapo hakuna aliyekuzwa wala kudunishwa. Kisha, kwa bosi, shusha kamera hadi usawa wa kifua chake na uielekeze juu kidogo. Kushuka sentimita 20 hadi 30 kunatosha. Wengi huilaza sakafuni wakitafuta ukubwa, wakaambulia matundu ya pua na taa za dari. Mfanyakazi mpige kutoka juu kidogo ya macho yake, ukimwachia nafasi tupu juu ya kichwa. Usizidishe: ukipanda mno, macho yanafichwa na nyusi, na bila macho hakuna huruma.

Picha ya karibu ndiyo huharibiwa zaidi. Watu husogeza simu au lenzi pana hadi usoni, pua ikavimba. Kinachobadilisha sura hapo ni umbali. Masikio yako nyuma ya ncha ya pua kwa sentimita 12 hivi. Kamera ikiwa sentimita 40 kutoka kwenye pua, pengo hilo ni karibu theluthi ya umbali wote, kwa hiyo pua inaonekana kubwa kupita kiasi. Rudi nyuma hadi mita 2, pengo linakuwa asilimia 6 tu na uso unatulia. Kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), lenzi ya milimita 85, inayovuta picha karibu, inafaa kwa umbali huo. Ukitaka mhusika aonekane amebanwa, au anatisha, basi sogea makusudi na lenzi pana ya milimita 35. Ila picha hizi ziwekee akiba. Ukizitumia tangu sentensi ya kwanza, chozi litakapodondoka hutakuwa na mahali pa kusogea.

Kuinamisha fremu upande? Nyuzi 3 huonekana kama tripodi imekaa vibaya. 10 hadi 15 mtazamaji anajua umekusudia. Mara moja kwa filamu nzima yatosha.

Kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha wawili hao. Ukiuvuka, bosi aliyekuwa anatazama kulia ataanza kutazama kushoto, na wataonekana kama wote wanamtazama mtu wa tatu.

Sasa mfanyakazi anatoa barua iliyomwumbua bosi. Usikimbilie kubadili engo zote. Mwache asimame, kamera ibaki kwenye kimo ilichokuwa nacho alipokuwa ameketi: yeye atakua mbele ya lenzi bila wewe kuishusha kamera. Bosi, aliyebaki kitini, mpige kutoka juu, begani kwa mfanyakazi. Bega hilo liingie kwenye fremu na limlie sehemu ya nafasi yake.