Jinsi ya kujua programu-jalizi inayochelewesha tovuti yako ya WordPress

Watu wengi huuliza tovuti ibebe programu-jalizi (plugin) ngapi ndiyo isiwe nzito. Idadi haikuambii kitu. Thelathini ndogo zinazofanya kazi upande wa msimamizi tu zinaweza zisimsumbue msomaji hata kidogo, na moja tu ya kuonyesha picha zinazopita juu ya ukurasa ikaiburuta tovuti nzima. Cha kuuliza ni kila moja inafanya nini, kwenye ukurasa upi, na nani anaisubiri. Hapa nitakuonyesha namna ya kumjua mchawi kwa kupima, bila kubahatisha.

Mzigo huangukia sehemu tatu. Ya kwanza ni seva: kila WordPress inapounda ukurasa, husoma faili kuu ya kila programu-jalizi iliyowashwa, hata kama ukurasa huo hauihitaji. Ya pili ni simu ya msomaji, ambayo hupakua faili za CSS (za mwonekano) na JavaScript (za vitendo) na kuzitekeleza. Ya tatu ni seva za watu wengine: kisanduku cha gumzo, ramani, fonti, vitufe vya mitandao ya kijamii. Kache ya kurasa, yaani nakala za kurasa zilizokwisha kuundwa na kuhifadhiwa tayari, hupunguza mzigo wa kwanza na kuiacha hiyo mingine miwili karibu kama ilivyo. Ndiyo maana mtu anaweka kache, seva inajibu upesi, na bado simu inakwama.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Fungua PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi, na upime angalau kurasa tatu za aina tofauti: ukurasa wa mwanzo, makala ya kawaida, na ule unaokuletea wateja. Tazama matokeo ya simu. Rudia kila kipimo mara kadhaa na uchukue thamani ya kati, kwa sababu matokeo ya maabara, yaani ya jaribio linaloendeshwa na zana yenyewe, huyumba.

Usihangaike sana na ile alama ya 0 hadi 100. Google haiitumii kupanga matokeo ya utafutaji. Sehemu ya juu ndiyo yenye uzito, ile inayotokana na watumiaji halisi wa Chrome kwa siku 28 zilizopita. Humo kuna vipimo vitatu. LCP, yaani muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, isizidi sekunde 2.5. INP, yaani muda ukurasa unaochukua kuitikia mguso, isizidi milisekunde 200. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya FID, kipimo cha awali cha mwitikio, Machi 2024. CLS, yaani kiasi ambacho vitu huruka-ruka ukurasa ukifunguka, isizidi 0.1. Viwango hivyo vinatakiwa kufikiwa katika asilimia 75 ya matembezi. Tovuti yenye wageni wachache huenda isiwe na takwimu hizo; basi tumia zile za maabara.

Hapa niseme ukweli kuhusu nafasi yako kwenye Google. Kasi imekuwa miongoni mwa vigezo tangu 2010 kwa kompyuta na tangu Julai 2018 kwa simu, lakini haiwezi kuipandisha makala isiyojibu swali la msomaji. Ukitoka sekunde 2.2 hadi 1.9, usitarajie kupanda. Ukitoka sekunde 7 hadi 3, hapo wasomaji waliokuwa wakiondoka kabla ukurasa haujafunguka wataanza kubaki, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kufanya kazi hii.

Hatua ya 2: Hifadhi nakala

Faili zote pamoja na hifadhidata. Kama mwenye seva wako anakupa nakala ya majaribio ya tovuti, fanyia kazi humo.

Hatua ya 3: Angalia kinachotokea kwenye seva

Weka programu-jalizi iitwayo Query Monitor, kisha fungua ukurasa wa kawaida wa tovuti ukiwa umeingia kama msimamizi. Programu nyingi za kache hazimpi msimamizi ukurasa uliohifadhiwa, kwa hiyo utaona kazi halisi ya seva.

Nenda kwanza kwenye orodha ya maombi ya hifadhidata yaliyopangwa kwa kila programu-jalizi. Kisha fungua sehemu ya HTTP API Calls, ambayo wengi huipita. Humo utaona kama kuna programu-jalizi inayopiga hodi kwenye seva ya mbali, labda kukagua leseni au kuvuta machapisho ya mtandao wa kijamii, kila ukurasa unapoundwa. Seva hiyo ikichelewa sekunde mbili, nawe umechelewa sekunde mbili. Ukimaliza, zima Query Monitor. Nayo ina uzito wake.

Hatua ya 4: Zima moja moja

Programu-jalizi ya Health Check & Troubleshooting hukuwezesha kuzima nyingine kwa ajili yako peke yako, huku wageni wakiiona tovuti kama kawaida. Lakini PageSpeed Insights nayo ni mgeni, haitaona ulichozima. Kwa hiyo pima kwa kichupo cha Network kwenye zana za msanidi (DevTools) za Chrome, ukiwa umezima kache ya kivinjari na kupunguza kasi ya mtandao hadi 4G ya polepole. Zima moja, pakia ukurasa upya, andika idadi ya maombi na ukubwa wa data, iwashe, uende kwa inayofuata. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayotoa jibu.

Hatua ya 5: Zuia isipakiwe pasipohitajika

Si kila nzito ya kufuta. Chukua fomu ya mawasiliano. Contact Form 7, kwa mipangilio yake ya kawaida, hupakia CSS na JavaScript zake kwenye kila ukurasa, ilhali fomu iko kwenye ukurasa mmoja. Ukiiunganisha na reCAPTCHA, kinga ya Google dhidi ya roboti, basi kila makala inabeba na hati za Google, ambazo ni nzito kuliko fomu yenyewe. Weka hii kwenye functions.php ya mandhari tanzu (child theme):

```php
add_action( 'wp_enqueue_scripts', function () {
    if ( is_page( 'mawasiliano' ) ) {
        return;
    }
    wp_dequeue_style( 'contact-form-7' );
    wp_dequeue_script( 'contact-form-7' );
    wp_dequeue_script( 'wpcf7-recaptcha' );
    wp_dequeue_script( 'google-recaptcha' );
}, 100 );
```

Badala ya `mawasiliano` weka anwani fupi ya ukurasa wako wenye fomu. Namba 100 inahakikisha agizo lako linakuja baada ya fomu kujisajili. Kisha tuma ujumbe wa majaribio kupitia fomu hiyo. Usiruke jaribio hili.

Hatua ya 6: Safisha mabaki

Programu-jalizi iliyozimwa haitekelezwi tena, ila data yake hubaki kwenye jedwali la wp_options, na sehemu yake inaweza kuwa inasomwa kila ukurasa unapoundwa. Kuanzia toleo 6.6, ukurasa wa Site Health hukuonya data hiyo ikizidi takriban KB 800. Kuona wakosaji, endesha agizo hili kwenye hifadhidata:

```sql
SELECT option_name, LENGTH(option_value) AS ukubwa
FROM wp_options
WHERE autoload IN ('yes','on','auto','auto-on')
ORDER BY ukubwa DESC LIMIT 20;
```

Majina mengi hubeba kiambishi cha programu iliyoyaacha. Futa yale tu unayojua kwa hakika yalitoka wapi.

Hatua ya 7: Kagua zile zilizowekwa kwa ajili ya Google

Sehemu hii huumiza nafasi yako kuliko kasi. Fungua msimbo chanzo wa ukurasa na utafute neno `canonical`, tagi inayoiambia Google anwani ipi ndiyo rasmi ya ukurasa. Likitokea kwenye tagi mbili, pengine una programu-jalizi mbili za SEO (za kuboresha nafasi kwenye utafutaji) zinazogombana, na Google huenda ikazipuuza zote mbili. Tafuta pia `noindex`, inayoiambia Google isiuonyeshe ukurasa. Ukiikuta kwenye ukurasa unaotaka uonekane, hakuna kasi itakayouokoa.

Kisha tazama picha kubwa ya juu. Programu za kuharakisha hupenda kuchelewesha picha zote, pamoja na hiyo inayopimwa na LCP. WordPress yenyewe huchelewesha picha za chini tangu toleo 5.5, na tangu 6.3 huipa kipaumbele ile inayodhani ni kubwa zaidi. Ukiona picha hiyo ina `loading="lazy"`, au anwani yake imefichwa ndani ya `data-src`, iondoe kwenye orodha ya zinazocheleweshwa.

Hatua ya 8: Pima tena, usubiri

Rudia kurasa zilezile za hatua ya 1. Takwimu za maabara zitabadilika papo hapo. Zile za watumiaji halisi zitasogea polepole, kwa kuwa dirisha la siku 28 bado linabeba siku za zamani. Kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, fungua ripoti ya Core Web Vitals (vile vipimo vitatu vya hatua ya 1) na ubonyeze kitufe cha kuthibitisha marekebisho. Katika kipindi hicho usiongeze programu-jalizi mpya, la sivyo hutajua badiliko limetokana na nini.