Kuzuia ubwiri unga wa matango kwa UV-C usiku

Ukungu wa ubwiri unga, ule wa madoa meupe kama unga, hukaa juu ya jani, na kinachozama ndani ni vinyonyeo vyake tu. Hauna rangi ya kuukinga, kwa hiyo mionzi ya urujuanimno, yaani UV, hasa aina yake kali iitwayo UV-C, huharibu DNA yake kwa urahisi. Ila una kimeng'enya cha kuirekebisha, nacho huamshwa na mwanga wa buluu na UV-A (aina hafifu ya UV), ambao jua linao tele. Ukimulika mchana, unachobomoa hujengwa upya. Ukimulika usiku na giza likadumu saa nne au zaidi, ukungu hufa kwa dozi ndogo isiyounguza jani.

Hatua ya 1: Taa. Tumia taa ya zebaki ya kuua vijidudu, ya nanomita 254. Zile za zambarau za kukagulia noti hutoa UV-A, mwanga uleule unaoamsha kimeng'enya! Usiikinge taa kwa kioo cha dirisha, maana UV-C haipiti. Ifute kwa spiriti, kwani alama za vidole hupunguza nguvu yake.

Hatua ya 2: Toroli. Funga taa wima pande zote mbili, nyuma yake weka bati la alumini linalong'aa. UV-C haipenyi jani, hivyo jani lililofichwa halitibiwi. Punguza majani ya chini kwanza.

Hatua ya 3: Dozi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kukadiria kwa macho. Pima kwa kipimo cha UV-C pale majani yalipo, taa zikiwa zimewaka dakika chache. Dozi, kwa juli kwa mita ya mraba, ni wati kwa mita ya mraba mara sekunde. Kipimo kikisoma wati 10, juli 100 zinahitaji sekunde 10. Ikiwa eneo linalomulikwa lina urefu wa mita 1, toroli liende mita 6 kwa dakika. Jaribu juli 50 kwenye mimea michache na usubiri siku nne. Majani yakigeuka rangi ya shaba au kukunjamana, usiongeze. Yakibaki salama, panda hadi 100.

Hatua ya 4: Muda. Anza saa mbili usiku, maliza kabla ya saa saba, mara mbili kwa wiki, kabla madoa meupe hayajatapakaa. Huku karibu na ikweta usiku una takriban saa 12 mwaka mzima. Norway, ambako njia hii imefanyiwa utafiti mwingi, usiku wa kiangazi ni mfupi mno. Zima taa nyeupe za ulinzi karibu na kitalu nyumba. Ukihitaji tochi, iwe nyekundu.

Usalama hauna mjadala. Kikomo cha kimataifa kwa macho na ngozi ni juli 60 kwa mita ya mraba ndani ya saa nane. Kwa wati 10 unakifikia kwa sekunde sita. Vaa ngao ya uso ya polikaboneti, glavu na mikono mirefu, na funga mlango. Taa ikipasuka, zebaki humwagika: toka, acha hewa ipite, kisha okota vipande bila kufagia.

Madoa yakirudi, pima taa upya, maana hufifia huku bado zinaonekana kuwaka vizuri. Kama ni madoa ya manjano yenye pembe, na ukungu wa kijivu chini ya jani, huo ni ugonjwa mwingine, ubwiri chini. Wenyewe hukua ndani ya jani, kwa hiyo usiutegemee mwanga huu kuutibu.