Anza na kazi, cheti kifuate: mwongozo wa vyeti vya TEHAMA kwa anayesomea na anayeajiri

Ninasimamia mafundi wa mitandao hapa Mwanza. Tunafunga na kuhudumia mitandao ya hoteli, shule, zahanati na saccos za Kanda ya Ziwa. Kila tunapotangaza nafasi napokea rundo la wasifu zenye vyeti vya Cisco, Huawei, MikroTik, Microsoft na CompTIA, na hakukosi kijana wa kuniuliza, "Dada, nisomee kipi?" Wenye kampuni nao wana swali lao: "Nikimlipia fundi wangu halafu akaondoka?" Kwa pande zote mbili nina ushauri mmoja: anzeni na kazi. Cheti kinachotokana na kazi iliyopo humlipa aliyekisomea na aliyekigharamia. Kilichochaguliwa kwa sababu kinavuma hakimsaidii yeyote kati yao.

Orodhesha kazi kabla ya kutaja cheti

Mwajiri, chukua karatasi uandike kwa safu tatu: vifaa ulivyonavyo, nani anavishughulikia vikizima, na ni kazi zipi unalazimika kumwita mtu wa nje na kumlipa. Safu hiyo ya tatu ndiyo itakayokuonyesha cheti cha kugharamia. Hoteli yenye ruta ya MikroTik, ambayo kila wikiendi wageni wanalalamikia Wi-Fi, inahitaji mtu anayejua kugawa kasi ya intaneti na kuzuia simu za wageni zisifike kwenye kompyuta za mapokezi. Mambo hayo yanafundishwa kwenye MTCNA, cheti cha mwanzo cha MikroTik. Shule inayoweka barua pepe na mafaili yake kwenye Microsoft 365 iangalie vyeti vya msingi vya Microsoft. Mkandarasi anayefanya kazi za makampuni ya simu mara nyingi atakutana na vifaa vya Huawei, na HCIA, cheti cha mwanzo cha Huawei, itamfaa kuliko cheti kingine chenye jina kubwa zaidi.

Wewe unayetafuta kazi, fanya zoezi hilo hilo kwa matangazo. Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kisha kurasa za ajira za mabenki, migodi na makampuni ya simu, uandike kila kifaa na kila programu inayotajwa. Soma majukumu mpaka chini. Tangazo linaweza kusema mwenye CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, atapewa kipaumbele, kumbe majukumu yenyewe ni kuhudumia kompyuta na printa za wafanyakazi na kuweka nenosiri jipya. Kazi ya namna hiyo inakaribiana zaidi na A+ ya CompTIA. Ukiomba, eleza uwezo wako kwa lugha ya majukumu hayo.

Jua bei na masharti

CCNA ya Cisco ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Ni mtihani mmoja, namba 200-301, wa dakika 120, na ada yake ni dola 300. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni 750,000 kabla ya nauli, bando na vitabu. Ukifeli unasubiri siku 5, kisha unalipa upya ada yote. A+ ina mitihani miwili na kila mmoja una ada yake, kwa hiyo usianze ukiwa na pesa ya mmoja. AWS Cloud Practitioner ya Amazon, kwa wanaoelekea kwenye huduma za klaudi, ni dola 100, maswali 65 kwa dakika 90. AWS humwongezea dakika 30 mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, lakini ni lazima aombe kabla ya kupanga tarehe ya mtihani. Omba. Dakika hizo ni haki yako, na maswali yao ni marefu.

MTCNA ni tofauti kidogo. Unafanya mtihani mwishoni mwa mafunzo ya mkufunzi anayetambuliwa na MikroTik: maswali 25, saa moja, na alama ya kufaulu ni asilimia 60. Gharama kubwa hapo ni darasa lenyewe.

Kuna vyeti ambavyo kijana aliyemaliza chuo jana asiharakie. CISA ya ISACA, cheti cha ukaguzi wa mifumo kilichoanza mwaka 1978, na CISSP ya ISC2, cha usalama wa mtandao, zote zinadai uzoefu wa miaka 5 katika fani, ingawa sehemu ya miaka hiyo inaweza kufidiwa na elimu. Unaweza kufaulu mtihani, lakini cheti hutakishika mpaka uzoefu utimie. Wanaofaidika navyo ni mkaguzi wa mifumo wa benki au afisa usalama wa mtandao aliyekwisha kukaa kazini. Kijana wa ngazi ya mwanzo mwenye pesa moja tu ya mtihani aiweke kwenye cheti kitakachomfungulia mlango mwaka huu.

Jiandae kwa mikono

Vifaa vya kujifunzia vya bure vipo vya kutosha. Packet Tracer unaipata kwa kujisajili Cisco Networking Academy, na unaweza kujenga mtandao wa ofisi nzima ndani ya laptopu yako. MikroTik wana CHR, ruta inayoendeshwa kama programu. Leseni yake ya bure huishia Mbps 1 kwa kila poti, na kwa kujifunza inatosha kabisa. Microsoft Learn nayo ni bure. Ukibahatika kupata swichi ya mtumba, hata Catalyst 2960 ambayo Cisco wameshaacha kuihudumia, nunua. VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja, utazielewa haraka zaidi ukiwa umeshika waya.

Kila somo lipitishe katika hatua tatu: jenga, haribu kwa makusudi, tengeneza. Andika kwenye daftari dalili uliyoiona na amri iliyokuonyesha kosa. Daftari hilo ni mali. Njoo nalo kwenye usaili, nami nitalisoma kabla ya vyeti vyako.

Gawa muda kwa uzito wa mtihani. Kwenye CCNA asilimia 25 ni jinsi data inavyosafiri kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na uendeshaji wa mitandao kwa programu ni asilimia 10. Usikeshe kwenye hiyo 10 wakati hesabu za subneti, yaani kugawa mtandao katika vipande vidogo, bado zinakupiga chenga.

Halafu kuna magrupu ya simu yanayouza maswali yaliyovuja. Yaache. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya usiri, na ukibainika cheti kinafutwa na unaweza kufungiwa kurudi. Na hata usipobainika, unakuja kwenye meza ya mtu kama mimi ukiwa umekariri herufi za majibu, na mteja aliyekatikiwa na intaneti hana A, B, C wala D.

Mitihani ya Cisco, Microsoft na CompTIA hupangwa kupitia Pearson VUE, kampuni inayoendesha vituo vya mitihani. Jina la usajili lifanane na la kitambulisho chako herufi kwa herufi, hasa sisi wenye majina matatu yanayopangwa tofauti kila ofisi. Ukifanyia nyumbani utatakiwa chumba kitupu, kamera, meza isiyo na kitu, na mtu yeyote asiingie. Kwa hali ya umeme na intaneti zetu, mimi huwashauri watu walipe nauli wakafanyie kituoni.

Fungua akaunti ya mtihani kwa barua pepe yako binafsi. Ukitumia ya ofisi, siku unayoacha kazi unapoteza njia ya kuingia kwenye kumbukumbu za vyeti vyako mwenyewe.

Mwajiri: hakiki, kisha weka kifaa mezani

Nakala ya cheti iliyopigwa muhuri haitoshi. Mwombe mwombaji akutumie kiungo cha beji yake ya Credly, tovuti inayohifadhi beji za vyeti, au cha rekodi yake ya Microsoft Learn. CompTIA huweka kwenye cheti namba ya uhakiki, na MikroTik wana ukurasa wa kutafuta cheti kwa namba. Fungua tovuti ya mtoa cheti kwa kuiandika wewe mwenyewe, kisha uangalie jina na tarehe ya kuisha. Mwenye cheti halali hatumii muda mrefu kukutumia.

Kisha mpime. Kwenye usaili wetu tunaweka mezani ruta ndogo, swichi na laptopu. Laptopu tumeipa anwani 192.168.10.70 yenye subneti ya /26, na lango, yaani anwani ya ruta inayoipeleka kwenye intaneti, ni 192.168.10.1. Tunamwambia intaneti haifunguki, atafute sababu na awe anasema anachokifikiria.

Wengine huzima ruta na kuiwasha. Wengine hubadilisha waya, halafu hubadilisha tena. Kuna binti mmoja, CCNA yake ilikuwa bado mpya, aliamkia wote waliokuwa chumbani, akakaa, akafungua mipangilio ya laptopu na kunyamaza kidogo. Akasema, "Hii sabini haiwezi kuliona hilo lango. Slashi ishirini na sita inakata anwani sitini na nne sitini na nne. Lango liko kwenye sifuri mpaka sitini na tatu, laptopu iko kwenye sitini na nne mpaka mia ishirini na saba."

Cheti kilikuwa kimefanya kazi yake. Lakini kilichotufanya tumchukue ni swali lililofuata, kabla hajagusa kitu: "Kuna vifaa vingine vinavyotumia lango hili sasa hivi?" Alitaka kujua kama abadilishe laptopu peke yake au subneti nzima, na nani angekatikiwa wakati akifanya hivyo. Hoteli ikiwa imejaa wageni, namtaka mtu anayeuliza hivyo.

Zoezi hili halihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Chukua hitilafu iliyowahi kukusumbua, mwombe fundi wako airudishe kwenye vifaa visivyotumika, umpe mwombaji nusu saa. Mwenye cheti na asiye na cheti wapewe zoezi moja. Ukimkuta asiye na cheti anatatua vizuri, mpe kazi na umgharamie. Huyo mtihani atauendea akiwa na msingi.

Kumlipia mfanyakazi bila kugombana naye

Hofu ya kumpoteza mtu ni ya kweli, hasa kwa kampuni ndogo. Lakini angalia pia unachokosa usipomlipia. Zabuni nyingi za mitandao hudai wasifu na vyeti vya watakaofanya kazi, na kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali, unaviambatisha kama sehemu ya maombi. Makampuni yanayotaka kuwa washirika rasmi wa Cisco au Microsoft hupimwa pia kwa wafanyakazi wenye vyeti. Kwa hiyo usiwe na mtu mmoja tu mwenye cheti unachokitegemea. Wawe wawili, hata ikibidi wapishane mwaka.

Andikeni makubaliano kabla ya kulipa, yawe ya ukurasa mmoja. Tuseme ada, mafunzo na nauli vimefika 900,000, na mmekubaliana abaki miezi 12 baada ya kufaulu. Kila mwezi anaofanya kazi deni lipungue 75,000. Akiondoka baada ya miezi 8, arudishe 300,000. Akimaliza mwaka, hadaiwi kitu. Andikeni pia akifeli nani analipa mara ya pili. Ushauri wangu ni kampuni ilipe mara moja zaidi, kwa sababu mtu anayeogopa deni huahirisha mtihani mpaka mwaka uishe. Kumbuka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka. Makato ya deni yanahitaji ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Na cheti chake usikifungie kabatini. Ni chake.

Mpe muda wa kusoma ndani ya saa za kazi. Saa mbili, siku mbili kwa wiki, chumba chenye mlango. Fundi aliyeshinda juu ya ngazi Geita akirudi saa mbili usiku hawezi kusoma chochote kikaingia.

Nyongeza ya mshahara nayo itajwe kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa tarakimu. Nimeshuhudia mafundi wazuri wakiondoka mwezi mmoja baada ya kufaulu, na wote walisema kitu kimoja: ofisini hakuna kilichobadilika. Walibaki kubeba ngazi na kubana waya. Aliyefaulu apewe kazi inayolingana na cheti mapema, mathalani kusimamia mtandao wa mteja mmoja toka mwanzo hadi mwisho, huku mkubwa wake akipitia kazi hiyo.

Mfanyakazi, nawe usikae kimya ukisubiri uonwe. Nenda kwa bosi na ile safu ya tatu: "Mwaka jana tumemlipa mtu wa nje mara kadhaa kwa kazi hii. Nikisoma hiki nitaifanya mwenyewe." Bosi atakusikiliza zaidi ukija na risiti hizo.

Weka tarehe za kuisha kwenye kalenda ya ofisi

CCNA, A+ na MTCNA hudumu miaka 3. CCNA inaweza kuhuishwa kwa mtihani au kwa pointi 30 za masomo ya kujiendeleza. Vyeti vya msingi vya Microsoft, kama AZ-900 ya huduma za klaudi, haviishi muda. Vya ngazi inayofuata huisha baada ya mwaka 1, na kuvihuisha ni bure mtandaoni ndani ya miezi 6 ya mwisho. Mwenye CISA anatakiwa saa zisizopungua 20 za mafunzo kila mwaka na 120 kwa miaka 3, pamoja na ada.

Sisi tarehe hizi tunaziandika kwenye jedwali moja na leseni za programu na malipo ya majina ya tovuti, zikiwa na tahadhari ya miezi 6 kabla. Tahadhari ikifika, msimamizi na mfanyakazi wanakaa kuamua kama kazi inayohitaji cheti hicho bado ipo. Ikiwa ipo, kinahuishwa kwa gharama ya kampuni. Ikiwa vifaa vimebadilishwa, kiache kiishe, na bajeti yake iende kwenye cheti cha vifaa vipya.