Jinsi ya Kushughulikia Mikwaruzo na Mibonyeo Kabla ya Kurudisha Gari la Kukodi

Gari lililokodiwa kwa miezi mingi na kuendeshwa kati ya Kisumu, Muhoroni na Busia halirudi kwa mwenyewe jinsi lilivyotoka, na wenye magari wanalijua hilo. Mikataba mingi hutenganisha uchakavu wa kawaida, ambao mteja halipii, na uharibifu, ambao hulipiwa. Kwa hiyo, wiki tatu hivi kabla ya siku ya kurudisha, toa mkataba pamoja na fomu ya makabidhiano uliyotia sahihi siku ya kwanza, usome mstari kwa mstari yaliyoandikwa kuhusu bodi, vioo, tairi na viti. Mkwaruzo ulioandikwa siku ile si deni lako.

Lioshe gari kabla ya kulikagua, kwa kuwa matope meusi ya uwanda wa Kano huficha mengi, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaogandia boneti huacha madoa ambayo kwa mbali hudhaniwa kuwa rangi iliyobanduka. Ukaguzi ufanye saa moja asubuhi. Jua la saa sita hupiga kutoka juu na kufuta vivuli, ilhali la asubuhi hulalia milango na kufichua kila mbonyeo. Chuchumaa karibu na taa ya nyuma, utazame ubavuni taswira ya ukuta au waya wa stima: pale mstari unapopinda ndipo bati lilipobonyea.

Kisha pitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mara nyingi aliyeumia ni lile tabaka angavu la juu tu, na dawa ya kung'arisha pamoja na kitambaa laini vitatosha. Ukikwama, mkwaruzo umezama, na hapo usiguse kitu kabla ya kuzungumza na mwenye gari.

Hili nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Niliwahi kumpelekea fundi wa kando ya barabara, hapa Kondele mjini Kisumu, bampa iliyokwaruzwa na trela la miwa, nikidhani naokoa pesa. Jioni rangi ilionekana sawa. Asubuhi yake bampa ilikuwa ya kijivu kuliko boneti, na uso wake una vipele kama ganda la chungwa. Aliyenikodisha hakubishana, alipeleka gari kwa gereji yake, likapakwa rangi upya, na bili ikaja kwangu. Nililipa mara mbili. Wala sisemi mafundi wa jua kali hawajui kazi, kwani wapo wanaonyoosha bati kutoka ndani bila kuharibu rangi, ila mkataba ukitaja gereji fulani, ustadi wa fundi wako hautakuokoa. Na usidhani puti, ule mchanganyiko wa kujazia mibonyeo kabla ya kupaka rangi, haionekani: mkaguzi akiweka sumaku juu ya bati lililojazwa puti nene, haishiki.

Kioo cha mbele kilichopigwa na kokoto kisingoje. Tundu dogo linaweza kuzibwa kwa gundi maalumu, lakini likiachwa lianikwe juani kisha kumwagiwa maji baridi, ufa hutambaa, na kioo kizima hubadilishwa.

Kama uharibifu ulitokana na ajali, mwenye gari aarifiwe siku hiyohiyo, nawe upige ripoti polisi mapema na kuomba abstrakti, yaani hati ya polisi inayoonyesha kuwa ajali iliripotiwa, kwa kuwa kampuni ya bima huidai. Uliza pia ni kiasi gani cha kwanza ambacho bima hailipi. Kwa mbonyeo mdogo kiasi hicho huenda kikazidi gharama ya kuunyoosha, na hapo ni afadhali mkubaliane ulipe moja kwa moja.

Mkikubaliana, yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na utunze risiti ya gereji. Siku ya kurudisha, fika mchana kungali na mwanga na uzunguke gari pamoja na mkaguzi. Piga picha kila upande, magurudumu na paa vikiwemo, pamoja na kipimo cha kilomita. Akiandika jambo usilokubaliana nalo, andika pingamizi lako kwenye fomu hiyohiyo kabla ya kutia sahihi, na usitoe ufunguo kabla hujapewa nakala.