Uko mkiani mwa mfereji? Nenda kikaoni na hesabu, sio hasira

Anayelima chini ya mfereji anaijua hii habari, wa juu anafungulia anavyotaka, wewe unatoka na jembe usiku wa manane kwenda kwenye zamu yako unakuta tope tu. Alafu kikaoni unaambiwa "si kila mtu kapewa masaa mawili, unalalamika nini?" Hapo ndo tunapopigwa. Masaa mawili karibu na banio, pale maji yanapochukuliwa mtoni, na masaa mawili mkiani sio maji yaleyale hata kidogo, mfereji wa udongo unakunywa njiani, fuko kachimba, mwingine kazamisha mpira wa pampu na anakuangalia tu.

Kwa hiyo pima. Anzia juu karibu na banio, tafuta sehemu mfereji umenyooka, pima mita 10 kwa kamba, chomeka kijiti kila mwisho. Pima upana wa maji, na kina pima sehemu tatu afu utafute wastani. Dondosha jani, hesabu sekunde kwa simu mpaka lifike kijiti cha pili, rudia mara kadhaa. Tuseme upana nusu mita, kina sentimita 20, jani limetumia sekunde 20, yaani linaenda nusu mita kwa sekunde. Zidisha 0.5 kwa 0.2 kwa 0.5 unapata mita za ujazo 0.05, hizo ni lita 50 kwa sekunde, ila kata theluthi moja maana maji ya chini na pembeni yanaenda taratibu kuliko ya juu, zinabaki kama 33. Siku hiyohiyo pima na kwako, na mchukue mtu wa juu mmoja awe shahidi, la sivyo watasema umepika.

Ekari moja ukiipa maji ya kina cha sentimita 5 inataka kama lita laki 2. Wa juu mwenye lita 33 kwa sekunde anamaliza kwa saa moja na dakika 40 hivi. Wewe wa mkiani, tuseme zinakufikia 10 tu? Masaa matano na nusu! Omba zamu ihesabiwe kwa maji yanayofika shambani.

Na usidhani kujengea mfereji kwa saruji kunamaliza ugomvi. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi pale Kilimanjaro ilikamilika 1987 na mifereji ya maana kabisa, mpunga ukalipa, watu wa juu ya skimu kwenye mto Rau nao wakafungua majaruba yao, wa chini wakaanza kukosa maji.

Kingine cha kubana kikaoni ni zamu za usiku, mara nyingi zinaangukia wajane na wasio na ndugu kwenye kamati. Mama hawezi kuacha watoto akalinde mfereji gizani, kwahiyo dai usiku uzunguke kwa wote, wenyeviti wakiwemo. Akishindwa misimu miwili mitatu huyo mama anamkodishia shamba mwenye pampu, afu anaenda kupalilia humohumo kama kibarua. Nani anaandika hiyo kwenye ripoti?

Wakati mnabishana, okoa kilichopo. Usimwagilie eneo lote nusunusu, punguza eneo, na kama ni mahindi maji yasikose yakianza kutoa mbelewele na ndevu, hapo yakikauka umekula hasara hata mvua ije baadae. Mwagilia jioni, funika udongo na mabua kama ng'ombe wamekuachia.

Kamati ikigoma, peleka kwa jumuiya ya watumia maji, kisha bodi ya maji ya bonde, kwa Kilimanjaro ni ya Bonde la Pangani, ofisi ipo Moshi. Kwa sheria ya Tanzania ya rasilimali za maji ya 2009, kuchepusha maji ya mto kwa umwagiliaji kunataka kibali, na kibali kinataja kiasi, so ulizeni mfereji wenu umeruhusiwa kiasi gani na nani juu yenu anachota bila karatasi. Nendeni wengi, mkiwa na daftari lenye tarehe, vipimo na sahihi ya yule shahidi wa juu.