Matembezi ya karibu hapa Mombasa: uliza kwanza leo mwezi ngapi

Wanafunzi wangu na wazazi wao huniuliza wikendi kuna nini, simu mkononi, wameshapitia matangazo yote wakaona tamasha moja tu la muziki lenye kiingilio. Ratiba ninayoitumia mimi imetundikwa ukutani kwa muuza duka: ile kalenda ya Kiislamu yenye tarehe za mwezi mwandamo. Uwe Mwislamu usiwe, ukijua leo ni mwezi ngapi, yaani tarehe ngapi ya mwezi mwandamo, umeshajua bahari itakuwaje.

Kuanzia mwezi mosi hadi mwezi nne hivi, na tena kuanzia kumi na tano hadi kumi na nane, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Karibu na mwezi tisa na mwezi ishirini na tatu ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Na hapa Mombasa bamvua ina saa zake. Maji hupwa hadi mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa tena saa kumi, saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Ami yangu, mvuvi wa Mkomani, alinifundisha haya tukiparura samaki, naye hakuwahi kushika jedwali. Wewe ukitaka dakika kamili, tafuta jedwali la maji la Kilindini kwenye simu.

Ndiyo maana Idi ndogo, inayoangukia mwezi mosi, watu wakitoka kuswali tu bahari iko mbali na mwamba uko wazi. Idi kubwa ni mwezi kumi, maji mafu, na mchana ule maji yako juu: hiyo ni ya watoto kuogelea, si ya kutembea mwambani. Wengi hawalijui hili, halafu hulaumu bahari.

Basi chagua asubuhi ya bamvua, nenda Nyali au Bamburi. Fika ufuoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, ufuate maji yanavyoondoka. Vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, si malapa, maana kuna samaki anayefanana na jiwe na miiba yake ina sumu. Usikimbie. Chagua dimbwi moja lenye upana wa meza, uchutame hapo bila kivuli chako kuangukia maji. Mwanzo utaona mchanga tu. Kisha jongoo bahari atajivuta, kaa atatoa macho, kiti cha pweza kitageuka taratibu, na ukibahatika, lile jiwe ulilokuwa ukilitazama litabadilika rangi na kuwa pweza. Sehemu kubwa ya maji haya ni hifadhi ya bahari tangu 1986, kwa hiyo usiokote chochote, hata kombe tupu. Kuna kaa anayelitafuta kuwa nyumba. Maji yakianza kurudi, geuka. Hayaji kwa mbele pekee, hupitia mikondo na kukuzunguka nyuma.

Siku za maji mafu mimi huenda nchi kavu. Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ardhi nyeupe isiyoota kitu, hadi Rene Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mvinje ndio uliokubali, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, akaletwa jongoo wa kawaida, huyu tunayemkanyaga uani, akayatafuna yakawa udongo. Watoto hukimbilia kuona twiga na viboko. Wewe wainamishe kwanza waangalie chini ya mivinje.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa safi, ndio wakati wa kutazama matumbawe kwa mashua. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili, bahari huchafuka. Hapo panda Shimba Hills baada ya mvua za mwaka kupungua, kuna ubaridi, kuna palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu, na maporomoko ya Sheldrick yenye kimo cha mita 21 yana maji ya kutosha. Huko unatembea na askari wa wanyamapori. Malipo ya hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, yafanye nyumbani kabla mtandao haujakusumbua getini, na ubebe kitambulisho ili utozwe bei ya mwananchi. Julai hadi Septemba nyangumi wa nundu hupita pwani yetu, ila hiyo ni safari ya boti na ya mfuko.

Kwa ndege, Septemba hadi Aprili wageni kutoka Ulaya na Asia hujaa matopeni. Mida Creek, njia ya Malindi, ndiyo bora. Fika maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yanawasukuma ndege waje karibu nawe.

Shughuli za msimu hazitangazwi sana, ila zina tarehe. Tarehe 26 Julai ni siku ya mikoko duniani, na Jumamosi ya tatu ya Septemba ni ya usafi wa pwani. Uliza ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kwenye diko lililo karibu nawe wana mpango gani. Wakikuita kupanda mikoko, uliza ni mche gani na kwa nini hapo: mikoko ni ya aina nyingi, mkoko wenyewe hautaki mahali pa mwenzake mchu, na miche mingi hupandwa kwa picha ikafa. Hao hao wa BMU, pamoja na vikundi vinavyolinda kasa, ndio wanaojua viota viko wapi. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, kwa hiyo acha namba yako na uende wakikupigia. Usiwashe tochi wala taa ya kamera, vitoto hufuata mwanga vikapotea.

Ukiwa na siku nzima, vuka feri Likoni (kwa miguu hulipi), panda matatu ya Lunga Lunga, shuka Gazi. Akina mama wa kijiji wana njia ya mbao katikati ya mikoko, na watakuonyesha mkoko, mchu, muia na mkandaa hadi uvitofautishe kwa mizizi. Chakula chao kiagize mapema kwa simu, kabla hujapanda feri, maana wanapika kulingana na waliotoa taarifa.